Theda Bara na ghala la Little Ferry: kazi iliyoungua, hadithi iliyobaki

Alfajiri ya tarehe 9 Julai 1937, ghala la kuhifadhia filamu katika mji mdogo wa Little Ferry, jimbo la New Jersey nchini Marekani, lilishika moto. Kwa siku kadhaa joto la kiangazi lilikuwa limezidi kiasi, na jengo lenyewe, ingawa lilijengwa kwa matofali na zege na kugawanywa katika vyumba vyenye milango ya chuma, halikuwa na mtambo wa kupitisha hewa wala mabomba ya kunyunyiza maji. Ndani yake ilipangwa mikebe ya mikanda ya nitrati ya selulosi, ambayo ikianza kuoza hujipasha joto yenyewe na kutoa gesi inayowaka upesi. Hakukuhitajika kiberiti. Gesi ilijikusanya, ikalipuka, na moto ukafoka kupitia matundu ya juu hadi kuzifikia nyumba za majirani. Mvulana wa miaka 13 aliyekuwa akikimbia na mama yake na ndugu yake aliungua, akafariki dunia. Mikanda zaidi ya 40,000 iliteketea, na pamoja nayo karibu kila filamu ambayo kampuni ya Fox ilikuwa imeihifadhi kutoka miaka ya kabla ya 1932.

Asubuhi hiyo Theda Bara alikuwa California, mke wa mtu, bado siku chache atimize miaka 52. Kati ya 1915 na 1919 alikuwa mwigizaji mkubwa kuliko wote wa filamu zisizo na sauti katika kampuni ya Fox, na jina lake lilitajwa sambamba na majina ya nyota Charlie Chaplin na Mary Pickford. Aliigiza filamu zipatazo 40. Leo zile zinazoweza kutazamwa zikiwa kamili, au karibu kamili, hazizidi sita, tena baadhi yake ni filamu alizozifanya kabla ya umaarufu au baada ya umaarufu kumwacha. Hata hivyo ukiuliza Theda Bara alikuwa nani, utapata jibu lililo tayari, lenye picha, sifa na visa tele. Jibu hilo kwa sehemu kubwa lilitungwa na watu wawili waliokuwa wakilipwa mshahara kulitunga. Kwa maoni yangu, hapo ndipo uzito wa kisa hiki ulipo: hadithi ya uongo iliandikwa kwenye karatasi, ikasalimika, kazi ya kweli ilirekodiwa kwenye nitrati, ikaungua, na vyote viwili vilikuwa mikononi mwa mwajiri mmoja.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Theodosia Burr Goodman. Alizaliwa tarehe 29 Julai 1885 katika eneo la Avondale, mjini Cincinnati, Ohio. Baba yake, Bernard Goodman, alikuwa Myahudi aliyehamia Marekani kutoka Poland na kufanya kazi ya ushonaji. Mama yake, Pauline, alikuwa na asili ya Uswisi. Nyumba hiyo haikuwa ya kitajiri sana wala ya kimaskini. Binti alimaliza shule ya sekondari ya Walnut Hills, akasoma Chuo Kikuu cha Cincinnati kwa takriban miaka miwili, jambo ambalo kwa mwanamke wa wakati ule halikuwa la kawaida, kisha akaenda New York kutafuta riziki jukwaani. Mwaka 1908 alipata nafasi katika mchezo wa kuigiza mtaani Broadway. Baada ya hapo mambo yalikwenda polepole. Miaka ilipita akiwa mwigizaji wa nafasi ndogo katika makundi ya maigizo yanayozunguka miji, na kufikia 1914 alikuwa na umri wa miaka 29, umri ambao katika fani ile ulihesabiwa kuwa karibu na jioni kuliko asubuhi.

Aliyembadilishia njia ni mwongozaji Frank Powell. Alimpa kwanza nafasi isiyo na jina katika filamu ya 1914 iitwayo The Stain, akamwona jinsi anavyofuata maelekezo, kisha akampendekeza kwa William Fox, mfanyabiashara wa kumbi za sinema aliyekuwa anaanzisha kampuni yake mwenyewe ya kutengeneza filamu. Fox alikuwa amenunua haki za A Fool There Was, mchezo wa jukwaani wa Porter Emerson Browne, ambao nao ulitokana na shairi la Rudyard Kipling la mwaka 1897 kuhusu mwanamke anayemnyonya mwanamume hadi akabaki ganda. Hakuwa na fedha za kumlipa mwigizaji maarufu. Akamchukua asiyejulikana, na kwa kuwa hajulikani, ikabidi atengenezewe sababu ya kujulikana.

Kazi hiyo walikabidhiwa waenezi habari wa kampuni, Al Selig na John Goldfrap. Walitangaza kwamba mwigizaji mpya wa Fox amezaliwa jangwani Sahara, chini ya kivuli cha mapiramidi, baba yake akiwa mchongaji sanamu Mwitalia na mama yake mwigizaji Mfaransa. Kwamba amewahi kuigiza Paris. Kwamba ana elimu ya mambo ya siri. Jina la Theda lilikuwa kifupisho cha Theodosia, na Bara lilitolewa katika Baranger, jina la ukoo wa upande wa mama yake. Msomaji wa Kiswahili ataliona jina hilo na kukumbuka bara na pwani. Waenezi wa Fox walilisoma kinyumenyume, wakapata neno la Kiingereza lenye maana ya Mwarabu, na herufi za Theda nazo wakazipanga upya zikatoa neno la kifo. Ndivyo magazeti yalivyoelezwa: jina la mwanamke huyu likipanguliwa ni kifo cha Kiarabu.

Inafaa kusimama kidogo hapa. Katika biashara hii Misri na Waarabu hawakuwa watu wala nchi. Walikuwa rangi ya kupaka bidhaa. Mwanamke wa Ohio aliyesoma chuo kikuu hakutosha kuuza hofu na tamaa, kwa hiyo akatafutiwa asili katika sehemu ya dunia ambayo mteja wa Marekani alikuwa tayari kuiamini kwa lolote baya lenye harufu ya ubani. Wakati huohuo asili yake halisi, yaani kuwa binti wa mhamiaji Myahudi, ilifichwa, kwa sababu hiyo haikuuzika. Naona ubaya wa namna mbili katika tendo moja, na sidhani unapungua kwa kuwa watu wa wakati ule walilichukulia kama burudani.

Mwezi Januari 1915 waandishi wa habari waliitwa katika hoteli moja jijini Chicago kukutana naye. Chumba kilikuwa kimefungwa madirisha na kutandazwa mapazia mazito. Hewa ilijaa harufu ya maua na ubani. Mwanamke alikaa amejifunika mavazi ya manyoya na mahameli, akizungumza Kiingereza cha lafudhi ya kubuni, akilalamika kwamba kwa mtu aliyezoea joto la jangwani Chicago ni baridi mno. Waandishi waliuliza, wakajibiwa, wakaondoka. Louella Parsons, ambaye wakati huo aliandikia gazeti la jiji hilo na baadaye akawa mwandishi wa habari za waigizaji aliyeogopwa kuliko wote Hollywood, ndiye aliyesimulia kilichofuata: mara mlango ulipofungwa, Theda alivua lile vazi zito, akakimbilia dirisha, akalifungua na kuomba hewa.

Kwangu mimi kitendo hicho cha dirisha kinasema zaidi ya kurasa zote za matangazo. Kinaonyesha mtu wa miaka 29 aliyekubali kazi kwa macho yaliyo wazi, akaifanya hadi dakika yake ya mwisho, na kuiacha chini mara tu alipoachwa peke yake. Kinaonyesha pia kwamba waandishi hawakudanganywa kwa kiwango tunachodhani leo. Wengi walijua, au walishuku, na waliandika hata hivyo, kwa sababu hadithi ilikuwa tamu na wasomaji waliipenda. Theda mwenyewe baadaye alieleza kwamba ili kuzielewa siku zile mtu lazima akumbuke kuwa watazamaji waliamini walichokiona kwenye pazia la sinema, kwani hakuna aliyekuwa bado amewavunjia ndoto hiyo.

A Fool There Was ilitoka mwezi huohuo, na ni bahati kubwa kwamba imebaki. Nimeitazama mara kadhaa, kila mara nikijaribu kuzisahau picha za matangazo, na ninaeleza hapa ninachokiona. Mhusika wake hana jina; kadi za maandishi, zinazoonyeshwa badala ya sauti, zinamwita tu mnyonya damu. Mapema kabisa katika filamu anachukua waridi, ananusa, anatabasamu, kisha analiponda mkononi. Muda si mrefu tunamkuta kwenye sitaha ya meli inayokwenda Ulaya. Kijana aliyekwisha kumfilisi anamfuata hadi pale na kumwelekezea bastola usoni. Mwigizaji wa jukwaani wa zama zile angerudi nyuma, angeinua mikono, angefumbua macho kwa hofu ili hata aliyekaa viti vya nyuma aone. Theda hasogei. Anaitazama bastola kama mtu anayetazama kitu kilichosahauliwa mezani, anaisukuma kando kwa ua aliloshika, anacheka, na kadi inatokea: nibusu, mpumbavu wangu. Kijana anajipiga risasi mwenyewe. Dakika chache baadaye, mahali pale pale, yeye ameshapanga kiti chake karibu na mwanamume mwingine, mwanadiplomasia Schuyler anayechezwa na Edward José, ambaye ndiye atakayeangamia kwa muda wote uliobaki.

Kuna tukio jingine ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha filamu. Schuyler amekwisha kunyong'onyea kwa ulevi, nyumba imechakaa, na mkewe amekuja kumchukua. Anaelekea kukubali. Theda anashuka ngazi, hana haraka, anasimama kati yao na kumbusu mwanamume yule mbele ya mkewe, na hakuna mieleka, hakuna maneno, mwanamume anabaki. Uigizaji huo ni wa kubana na kutulia, na unaeleza kwa nini watazamaji wa 1915 walijaa kumbini. Sidai kwamba filamu nzima ina kiwango hicho. Waigizaji wanaomzunguka wanapunga mikono sana, na yeye mwenyewe mahali pengine anajitupa kwa mkao wa sanamu. Lakini mtu anayesema Theda Bara alikuwa macho yaliyopakwa wanja mzito na hakuna zaidi, huyo anazungumzia picha za matangazo, hajaitazama filamu.

Picha hizo za matangazo ni nyingi, nazo zimesalimika kwa mamia. Iliyozagaa zaidi inamwonyesha ameinama juu ya mifupa ya binadamu, nywele zimemwangukia mabegani, kana kwamba amemaliza kula. Nyingine zinamwonyesha na vito na vitambaa vyembamba vya Cleopatra, nyoka za chuma zikimzunguka kifuani. Karatasi ya picha haiozi kama nitrati, haijiwashi yenyewe, na ilisambazwa kila mahali: magazetini, kwenye kadi, katika makabati ya wapenzi wa sinema. Kwa hiyo baada ya 1937 kila aliyetaka kuandika juu yake alianza na karatasi hizo, na mara nyingi aliishia nazo.

Mafanikio ya filamu ile moja yaliijenga Fox. Theda aliingizwa katika ratiba ya kufanya filamu nane au zaidi kwa mwaka, kwanza Fort Lee huko New Jersey, ambako ndiko sinema ya Marekani ilikuwa kabla ya kuhamia magharibi, kisha California. Malipo yake yalipanda hadi kutajwa kuwa dola 4,000 kwa wiki. Neno jipya liliingia katika Kiingereza kutokana na nafasi zake, vamp, likimaanisha mwanamke anayewatega wanaume kwa makusudi ya kuwaharibu, na kila kampuni ikatafuta wa kwake. Katika mahojiano aliyofanya 1915 alidai kwamba mhusika huyo ni kisasi cha wanawake dhidi ya wanaume wanaowatumia, na kwamba moyoni yeye ni mtetezi wa wanawake. Inawezekana maneno hayo nayo yalipitia mikono ya waenezi. Hata hivyo ni vigumu kuyapuuza ukikumbuka kwamba wanawake wa Marekani walikuwa hawajapata haki ya kupiga kura nchi nzima hadi 1920, na kwamba wanawake walikuwa wengi miongoni mwa watazamaji wake.

Jambo linalosahaulika ni kwamba hakutaka kubaki katika nafasi moja. Mwaka 1915 aliigiza Carmen, na pia alicheza mmoja wa mayatima wawili katika The Two Orphans. Mwaka 1916 alikuwa Juliet katika toleo la Fox la Romeo and Juliet, lililotoka kipindi kimoja na toleo la kampuni ya Metro lenye Francis X. Bushman na Beverly Bayne, na magazeti yakawalinganisha. Mwaka huohuo alicheza mke aliyekosa na kutubu katika East Lynne, filamu ambayo kwa bahati nzuri imebaki. Mwaka 1917 ikaja Cleopatra, iliyoongozwa na J. Gordon Edwards, yenye urefu wa takriban saa mbili, majumba ya kujengwa, merikebu na umati mkubwa wa watu. Bodi ya ukaguzi ya Chicago iliikata vipande kabla ya kuiruhusu. Salome ilifuata 1918. Mwaka 1919 aliigiza msichana wa kijijini Ireland katika Kathleen Mavourneen, na vyama vya Wamarekani wenye asili ya Ireland vikapinga kwa ukali. Hapo ndipo uongo wa 1915 ulipomrudia: mtu aliyetangazwa miaka minne kama binti wa jangwa na kifo hakuweza tena kuvaa shali ya msichana mkulima na kuaminika.

Angeweza kuaminika au la, sisi wa leo hatuna njia ya kupima. Juliet wake ameungua. Carmen wake ameungua. Wale mayatima, Cleopatra, Salome, msichana wa Ireland, wote wameungua, isipokuwa vipande vya sekunde au dakika chache nitakavyovieleza. Kitabu baada ya kitabu kimerudia kwamba alikuwa mwigizaji wa aina moja, na ushahidi unaoletwa ni kwamba filamu tunayoweza kuitazama inamwonyesha katika aina moja. Hoja hiyo inazunguka. Ni sawa na kumhukumu fundi kwa mlango mmoja uliosalimika wakati nyumba nzima imeteketea, kisha kusema hakuwahi kujenga chochote ila milango.

Mkataba wake na Fox ulimalizika 1919 na haukuongezwa. Ladha ilikuwa imebadilika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na kampuni nayo haikuwa na mpango wa kumjenga upya. Miaka miwili kabla, yeye na jamaa zake walikuwa wamebadilisha kisheria jina la ukoo kutoka Goodman kuwa Bara, hatua ambayo mimi huisoma kama ya mtu aliyeamua kwamba vazi alilovalishwa sasa ni ngozi yake. Mwaka 1920 alirudi Broadway katika mchezo wa The Blue Flame. Wakosoaji walimcheka bila huruma, ingawa watu walilipa kiingilio kwenda kumwona. Mwaka 1921 aliolewa na Charles Brabin, mwongozaji mzaliwa wa Uingereza aliyeiongoza Kathleen Mavourneen, na ndoa hiyo ilidumu hadi kifo cha Theda. Alifanya The Unchastened Woman mwaka 1925 na filamu fupi ya vichekesho, Madame Mystery, mwaka 1926, ambamo alijiigiza kwa mzaha vile alivyojulikana. Baada ya hapo hakufanya filamu tena. Sauti ilipoingia katika sinema mwaka uliofuata, yeye alikuwa nje.

Sasa turudi ghalani, kwa sababu moto ule haukuwa ajali tupu. Nitrati ya selulosi ni ndugu wa karibu wa baruti ya pamba. Ina oksijeni yake ndani, kiasi kwamba inaweza kuendelea kuwaka hata ikizamishwa majini. Hili lilijulikana vizuri miaka mingi kabla ya 1937. Kilichokosekana ni sababu ya kibiashara ya kugharimia ulinzi. Baada ya 1927 filamu isiyo na sauti ilikuwa haina soko. Thamani iliyobaki kwenye mkanda wa zamani, machoni mwa mhasibu, ilikuwa madini ya fedha yaliyomo katika utando wake wa picha, na makampuni mengi yaliyeyusha mikanda kwa makusudi ili kuyapata. Fox haikuyeyusha yake. Iliiweka mbali, ikaifunga, na kuacha joto lifanye kazi. William Fox mwenyewe alikuwa amepoteza udhibiti wa kampuni tangu 1930, na 1935 kampuni iliunganishwa na nyingine kuwa Twentieth Century-Fox. Wakubwa wapya hawakuwa na kumbukumbu wala deni la moyo kwa mwanamke aliyewajengea nyumba.

Linganisha na Mary Pickford. Mwaka 1919, mwaka uleule Theda alipoachwa na Fox, Pickford alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya filamu ya United Artists pamoja na Chaplin, Douglas Fairbanks na D. W. Griffith. Alimiliki filamu zake. Kuna wakati alifikiria kuziharibu zote ili asije akachekwa na vizazi vijavyo, lakini alishawishiwa, akazikabidhi zihifadhiwe, na leo kazi yake inaweza kutazamwa na kubishaniwa. Tofauti ya wanawake hawa wawili mbele ya historia haikuamuliwa na kipaji peke yake. Iliamuliwa na nani alishika hati za umiliki. Theda alilipwa vizuri kwa wiki, na wiki zilipokwisha hakubaki na kitu ila jina lililobuniwa.

Wala hakuwa peke yake. Valeska Suratt, aliyeigizia Fox nafasi za namna hiyohiyo, hana hata filamu moja iliyobaki. Utafiti wa David Pierce uliochapishwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulihesabu filamu ndefu bubu 10,919 zilizotengenezwa na makampuni ya Marekani kati ya 1912 na 1929, na kukuta kwamba ni asilimia 14 tu zilizopo katika hali yake ya awali, huku asilimia 70 zikiwa zimepotea kabisa. Kwa kiwango hicho Theda yuko karibu na wastani wa wenzake. Kinachomtenga ni kwamba mahali pa kazi yake palikuwa na hadithi nyingine iliyokaa tayari kujaza pengo, na ikalijaza.

Sauti yake ipo. Mwezi Juni 1936, mwaka mmoja kabla ya moto, alialikwa katika kipindi cha redio cha Lux Radio Theatre na kuzungumza kuhusu matumaini ya kurudi kwenye sinema. Katika rekodi hiyo hakuna lafudhi ya Sahara. Ni mwanamke wa makamo, mwenye adabu, anayetamka maneno yake wazi kama mtu aliyefunzwa jukwaani. Hakurudi. Alifariki Los Angeles tarehe 7 Aprili 1955 kwa saratani ya tumbo, akazikwa Forest Lawn huko Glendale. Mwaka 2015 A Fool There Was iliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu zinazostahili kuhifadhiwa.

Na vile vipande? Kutoka Salome, takriban dakika mbili zilitambuliwa Hispania, katika hifadhi ya filamu ya taifa hilo, na habari zake zikatangazwa 2021. Kutoka Cleopatra palikuwa na sekunde chache kwa miaka mingi, kisha mwaka 2023 kikapatikana kipande kingine kisichofika dakika moja. Kipande cha Hispania kina maelezo yake katika namna biashara ya zamani ilivyokwenda. Kampuni ilituma nakala nje, nakala ikazunguka ukumbi hadi ukumbi, mji hadi mji, na ilipofika mwisho wa safari ilikuwa imechakaa kiasi kwamba nauli ya kuirudisha ilizidi thamani yake. Basi mwenye ukumbi aliiacha stoo, au aliikata na kumpa mtoto achezee kwenye mashine ndogo ya nyumbani. Nakala zilizolindwa na mwenye mali ziliungua zote kwa pamoja. Ndiyo maana wanaomtafuta Theda Bara hivi sasa hawachimbi New Jersey. Wanaandikia hifadhi za nchi za mbali, wakiomba mikebe isiyo na lebo ifunguliwe.